Binti wa Magauni, Mwana wa Majeneza

Ufunguo uligeuka, na aliyeugeuza ni mama mzazi.

Najua hapo ndipo roho zilipowaruka Jumapili iliyopita. Wengine mlituma ujumbe mkitaka nimfungulie Divina mlango mimi mwenyewe. Ningeweza, ningemfungulia. Lakini ufunguo hauko kwangu. Uko kifuani mwa Mama Felicidad Manalastas, fundi wa magauni ya harusi anayejulikana mji mzima wa Minalin, na kifuani humo hakuna anayethubutu kuingiza mkono.

Divina, binti yake wa pekee, mwanamke mzima wa miaka ishirini na saba, alikuwa ghorofani katika chumba cha vitambaa, akiupiga mlango kwa ngumi.

Chini, katikati ya mvua, lori lilikuwa limesimama getini. Ubavuni limeandikwa kwa rangi ya dhahabu: PANGILINAN NA MWANA, PUMZIKO LA KUDUMU. Naam, lori la majeneza. Na ndani yake walikuwamo waposaji: Mzee Herminio Pangilinan, fundi wa majeneza kutoka mji jirani wa Santo Tomas, na mwanawe Crisanto, kavaa barong, shati jeupe la sherehe lililopigwa pasi, kapakata sufuria la bringhe, wali wa nazi na manjano, bado unafuka moshi.

"Hayupo!" Mama Felicidad alipiga kelele kutoka barazani kabla hawajashuka. "Divina kaenda Manila!"

Juu ghorofani: pu! pu! pu! "Mama, nifungulie!"

Crisanto akainua macho. "Kumbe siku hizi Manila ni karibu hivyo, Mama?"

"Huyo ni paka."

"Paka anayekuita mama?"

Mzee Herminio akashuka, akavua kofia. Maji yakamfika magotini. Mto ulikuwa umevunja kingo tangu asubuhi, na kila mtu mwenye akili alikuwa kwake akipandisha magodoro. Yeye kaja kuposa.

"Felicidad," alisema taratibu, "posa haikataliwi barazani. Hata mdai hukaribishwa ndani ndipo afukuzwe."

"Usinifundishe adabu! Bibi harusi akiliona lori lako mlangoni pangu, ataacha gauni atimue mbio na shimizi. Mimi navalisha watu wanaoanza maisha, Herminio. Wewe unavalisha waliomaliza."

"Na wangu hajarudi hata mmoja kulalamika kiuno kinabana."

Crisanto akaangua kicheko. Mama Felicidad akamkazia jicho, kicheko kikafa.

"Washa lori lako uondoke. Na wali wako."

Mzee akapanda, akawasha. Lori likakohoa. Likakohoa tena. Likanyamaza. Nyuma yake barabara ya kanisani ilikuwa haionekani, ni maji ya rangi ya chai ya maziwa tu, na kuku wawili wamesimama juu ya beseni linalokwenda wasikokujua.

Kisha ikasikika sauti ambayo kila mtu wa Minalin anaijua hata usingizini: maji yakiruka kizingiti.

"Magauni yangu!" Mama Felicidad alipiga ukunga.

Duka zima lilikuwa pale chini. Mabibi harusi wa msimu mzima walikuwa wamening'inia ukutani, mapindo yao yanakaribia kulamba tope. Mama mmoja, ngazi moja, mikono miwili.

Alitazama maji. Alimtazama Herminio. Maji yakaamua kwa niaba yake.

"Mnangoja nini? Ingieni! Bebeni!"

Wakabeba. Mama alisimama katikati ya ngazi kama askari wa barabarani. "Shikeni mabegani, si kifuani! Hizo lulu zimeshonwa kwa mkono! Inua pindo, we mtoto wa majeneza!"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi si mama yako!"

"Ndiyo, Mama."

Gauni la mwisho lilipofika juu, ngazi za chini zilikuwa zimeshamezwa. Cherehani kubwa ilizama ikitoa mapovu. Na hivyo ndivyo watu watatu wasiopikika chungu kimoja walivyojikuta kwenye ukumbi mdogo wa ghorofani, wameloa chapachapa, wamezungukwa na magauni meupe, na mlango mmoja umefungwa.

Crisanto akaenda kuegemea ule mlango.

"Divina."

"Umeloa?"

"Mpaka mifupa."

"Na ile barong ya posa?"

"Sasa hivi ni dekio."

Alimsikia akicheka upande wa pili, kisha akamsikia akiacha kucheka.

"Crisanto, usiondoke."

"Niende wapi? Nyumba imekuwa kisiwa."

Chumba kile Divina alikijua kuliko kitanda chake. Dirisha lina nondo. Tangu alipotimiza miaka kumi na minane, mama yake alikuwa akimsimamisha humo juu ya kigoda, akimvisha magauni ya watu na kuyabana kwa pini, kwa sababu umbo lake lilikuwa sawa na umbo la bibi harusi yeyote. "Simama wima. Usipumue." Amevaa harusi za mji mzima. Yake hajaivaa. Na kila mwanamume aliyekuja kumposa alionekana na kasoro: mmoja mfupi, mwingine dini yake, huyu wa sasa majeneza.

Alikuwa amechoka kusimama wima. Alikuwa amechoka kutopumua.

Nje, Mzee Herminio akakohoa. "Felicidad. Nina neno. Sisi wawili."

"Sema hapa."

"Ukitaka niseme hapa, nitasema hapa."

Kitu fulani katika sauti ile kilimfanya mama anyanyuke upesi. Wakajibanza kwenye pembe, nyuma ya magauni. Divina akabandika sikio mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga bati, akaambulia vipande tu.

"...Jumatano..."

"...nyamaza, nyamaza, kuta zina masikio..."

"...siwezi kumweka vile milele, Felicidad, ni binadamu..."

Kisha nyayo za haraka. Kisha ufunguo. Mlango ukafunguka!

Mama Felicidad alisimama pale, uso mweupe kama vitambaa vyake.

"Toka," alisema. "Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Olewa naye. Desemba, kanisani, kengele zote. Gauni nitakushonea mwenyewe, mkia wake utoke madhabahuni ufike mlangoni. Haya, mbona umeduwaa?"

Crisanto hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimkumbatia Divina wakaangukia juu ya rundo la magauni, na kwa mara ya kwanza Mama Felicidad hakupiga kelele kwa ajili ya lulu.

Msomaji, shangilia kidogo. Kidogo tu.

"Kwa sharti moja," mama akasema. "Mzee Herminio afunge mdomo wake."

Divina akainuka polepole. "Kuhusu nini?"

"Ukiuliza, harusi hakuna."

"Kuhusu nini, Mama?"

"Nimesema ukiuliza, hakuna!"

Crisanto akamgeukia baba yake. "Baba, kubali. Hata iwe nini, kubali! Kunyamaza kuna ugumu gani? Wateja wako wote wananyamaza."

Mzee Herminio hakutabasamu. "Siwezi, mwanangu."

"Baba!"

"Nimekaa nalo tangu hujaota ndevu. Ningeweza kukaa nalo mpaka nife. Lakini huyu binti anakuwa mwanangu. Mwanangu sitamdanganya akiwa ameketi mezani pangu."

Divina aliwatazama wote watatu. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi, na hakuna alikoweza kwenda. Akinyamaza, ana mume na gauni, na jambo asilolijua litalala naye kitanda kimoja hadi uzeeni. Akiuliza, anaona mkono wa mama yake umeshika ufunguo.

"Mwanangu," mama alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kubembeleza, sauti ambayo Divina alikuwa hajaisikia tangu utotoni. "Nakupa mume. Nakupa mwanamume unayemtaka. Hilo lingine liache lipite na maji."

"Mama, kwa nini unatetemeka?"

"Baridi."

"Mzee Herminio," Divina akasema, "niambie."

Mama Felicidad akaurusha ufunguo ukutani.

Mzee akakitoa chumbani kigoda kile cha pini, akaketi. Akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kila Novemba unakwenda makaburini kumwashia baba yako mshumaa."

"Ndiyo."

"Unaongea naye?"

Divina akaona haya. "Humweleza mambo yangu. Nilimweleza habari za Crisanto kabla sijamweleza Mama."

"Hakukusikia, binti yangu. Hayumo mle. Mle nilizika vigogo vya mgomba. Nilivifunga blanketi visije vikagongana njiani."

Mvua ikazidi kupiga bati.

"Baba alifia melini," Divina alisema, kama mtoto anayekariri somo. "Meli ya mafuta. Jeneza lilikuja limefungwa, wakasema lisifunguliwe. Nilikuwa na miaka minane. Nilivaa soksi nyeupe."

"Jeneza lile lilitoka karakanani kwangu. Halikutoka bandarini."

"Mama?"

Mama Felicidad alikuwa ameketi sakafuni, shela ya mtu imemwangukia begani.

"Alipiga simu," alisema. "Akasema, Felicidad, usinitarajie tena, nimepata mtu Bataan. Basi. Kama mtu anayeahirisha chakula cha mchana. Nilikuwa na sindano mkononi, nikajichoma hapa." Akakionyesha kidole, kana kwamba bado kinavuja damu. "Nchi hii haina talaka, Divina. Yeye kaenda zake, mimi nimefungwa kwake, mtu ambaye hayupo. Na kazi yangu ni nini? Magauni ya harusi! Nani angevaa gauni lililoshonwa na mke aliyeachwa? Wangesema mkono wangu una nuksi. Mjane wanampikia wali wanamletea. Aliyeachwa wanamcheka sokoni. Nikachagua wali."

"Ukanifanya nimlilie mgomba."

"Nilikufanya uwe na baba aliyekufa akikupenda! Ulitaka yule mwingine?"

Divina akafungua mdomo ajibu, na hapo wazo jingine likampiga kama kofi.

"Na Kapteni?"

Mama akainamisha kichwa.

Kapteni Artemio Lacsamana ndiye kiongozi wa mtaa wao, mwanamume mpole, mnene, mwenye sauti ya kwaya, aliyemwoa Mama Felicidad miaka mitano iliyopita mbele ya padre na nusu ya mji. Siku ile ya mafuriko alikuwa nje na mtumbwi tangu alfajiri, akiokoa wazee kwenye mapaa.

"Mama, mimi nilikushikia maua kanisani. Uliapa. Baba akiwa hai?"

"Karatasi za kifo ninazo. Usiniulize nilizipataje."

"Hiyo ni jela, Mama!"

"Sasa umeelewa? Unadhani mimi nachukia majeneza? Wapangilinan wangekuwa wachimba vyoo ningewapokea kwa ngoma. Nauogopa mdomo wa huyu mzee! Kila harusi, kila ubatizo, ameketi mezani kwangu, kabeba maisha yangu chini ya ulimi. Wewe ungelala?"

"Endeleeni," ikasema sauti kutoka dirishani. "Msikatize kwa sababu yangu."

Wote wanne wakageuka.

Nje ya dirisha la ukumbi, lile lisilo na nondo, alikuwa Kapteni Artemio ndani ya mtumbwi, mkono mmoja ameshika ukingo wa paa, redio yake ya mawasiliano inaning'inia begani. Maji yalikuwa yamepanda kiasi kwamba uso wake ulikuwa sawa na wao, kana kwamba amesimama barabarani tu akipita.

"Temyong," mama alinong'ona, akimwita kwa jina la nyumbani. "Umefika lini?"

"Kwenye migomba."

Akafunga kamba kwenye komeo la dirisha, akaingia, akasimama akichuruzika. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mtu akipiga kelele unajua pa kujificha.

"Mimi ndiye ninayesuluhisha wanandoa mtaani humu," alisema. "Wanakuja na sufuria zilizobonyea, wanakuja na macho yaliyovimba, nawaambia, jamani, ndoa ni kuambiana ukweli. Wananiitikia ndiyo Kapteni. Kumbe nyumbani nimelala na mke wa mtu."

"Artemio, mimi ni mke wako."

"Nimekuja kukuokoa, Felicidad. Mtumbwi huo hapo. Niambie sasa: nikupakie kama mume wako, au nikupakie kama kapteni, nikupeleke polisi?"

"Ngojeni!" Divina akasimama kati yao. "Mnagombania mume na kapteni, na kuna jambo hakuna aliyeuliza. Mzee Herminio. Baba yangu yuko wapi?"

Mzee akaikunja kofia yake mpaka ikawa kama andazi.

"Yule mwanamke wa Bataan alifariki. Hawakupata watoto. Mwaka jana, kabla ya Krismasi, alikuja kwangu, mapafu yameoza, hana kitu. Sikumtambua mpaka alipotaja jina. Akaniomba kazi yoyote. Nikampa ya kupiga msasa."

Divina akaacha kupumua.

"Mzee Islaw?"

"Islaw ni Wenceslao. Ndiye baba yako."

Mzee Islaw! Yule mzee mwembamba wa karakanani, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, ambaye kila Divina alipokwenda kumwona Crisanto alimfutia kiti kwa shati lake mwenyewe. Kila mara alimuuliza, "Jina lako nani vile, binti?" Na kila mara Divina akajibu, akacheka, akamwambia Crisanto yule mzee wako amezeeka kweli, anasahau. Hakuwa anasahau. Alikuwa anapenda kulisikia likitoka mdomoni mwake.

Akamgeukia Crisanto. "Ulijua?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu, sikujua. Mimi nilikuwa namgombeza kwa kukohoa juu ya vanishi!"

"Alinikataza," Mzee Herminio alisema. "Alisema, nikiondoka ndipo umwambie. Kaondoka Jumatano. Ndiyo maana sikuja kuposa tu. Yuko karakanani. Nimemtengenezea jeneza la mninga, nimelichonga mwenyewe."

Kutoka sakafuni ikatoka sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio.

"Amekufa," Mama Felicidad alisema. "Mjinga yule. Amekufa kweli." Akajifuta pua kwa shela ya watu. "Alisema nini juu yangu?"

"Felicidad, acha."

"Alisema nini?"

"Alisema, usimwambie kwamba nilirudi. Alishanizika vizuri."

Mama akajifunika uso.

Maji yakapanda ngazi nyingine. Kikapu cha nyuzi kikaja kikielea mpaka miguuni mwao, na hakuna aliyekiokota.

"Nataka kumwona," Divina alisema. "Nataka azikwe."

"Azikwe wapi?" Mama aliruka kama aliyemwagiwa maji moto. "Kaburi lake limejaa! Jina lake liko juu ya jiwe, na tarehe, na picha! Ukimzika yeye, umenizika mimi!" Akamfuata bintiye kwa magoti, akamshika mikono. "Sikiliza. Mzee Herminio amzike Santo Tomas. Aombewe, awekewe maua, kila kitu. Ila bila jina. Ninachoomba ni jina tu. Wewe uolewe Desemba. Mimi nibaki na nyumba yangu. Nani ataumia? Yeye alitaka hivyo mwenyewe!"

Divina akamtazama Kapteni Artemio. Kapteni akatazama maji.

Akamtazama Crisanto, akitumaini kupata nguvu. Na Crisanto, kijana aliyevuka mafuriko na sufuria la wali, akasema kwa sauti ndogo:

"Divina, yeye amekwisha kufa. Sisi tuko hai."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndiyo maana liliuma.

"Yaani hata wewe?"

"Nakupenda. Nataka tutoke hapa, basi. Nimechoka kukuongelesha kupitia mlango."

"Crisanto, huyo mzee alinifutia kiti."

"Najua. Nilikuwepo."

Divina akaegemea ukuta. Chini yake maji, mbele yake mama amepiga magoti, pembeni mwanamume anayempenda anamwomba aseme neno moja dogo la ndiyo. Baba yake mwenyewe, kama angeulizwa, angesema ndiyo. Dunia nzima ilikuwa upande mmoja. Na yeye, alilelewa kusimama wima na kutopumua; ilikuwa ni kuendelea tu.

Akafungua mdomo. Nawaambia ukweli: alikuwa anataka kusema ndiyo.

Redio begani mwa Kapteni ikakoroma.

"Kapteni, Kapteni, hapa darajani. Unanipata?"

Artemio akaminya kitufe. "Nakupata. Sema."

"Kapteni, kuna vituko huku. Majeneza yanakuja na maji. Mengi! Yanaelea kama mitumbwi. Nadhani kuna karakana imebomoka huko Santo Tomas."

Mzee Herminio akasimama, kofia ikamponyoka. "Mungu wangu. Karakana yangu."

"Yote ni matupu, Kapteni, tunayaacha yapite. Ila kuna moja limekwama kwenye nguzo, la mninga, limefungwa. Ni zito. Kapteni... lina mtu ndani."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

"Kifuniko kina jina, limechongwa vizuri kweli, ila tope limelifunika nusu. Tulisafishe tukusomee? Tena fanyeni haraka, maji yanalivuta. Tukiliachia, saa hii hii liko kwenye ghuba, haliji kuonekana tena. Tufanyeje, Kapteni?"

Mama Felicidad akaruka, akakishika kifundo cha mkono wa mumewe kwa mikono yote miwili.

"Artemio," alisema. "Waambie waliachie."

Kapteni akaitazama redio.

"Hakuna wa kulaumiwa. Ni maji. Ni mapenzi ya Mungu, maji yamekuja kumchukua! Kesho hakuna jeneza, hakuna jina, hakuna kesi. Utabaki mume wangu. Nitakupikia, nitakuomba msamaha kila siku ya maisha yangu. Waambie waliachie, Temyong!"

Kidole gumba cha Kapteni kilikuwa juu ya kitufe. Kilikaa pale. Machozi yalikuwa yanamtoka mtu yule mnene, yakichanganyika na mvua.

"Kapteni? Unanipata? Kamba inateleza!"

Artemio akaivua redio begani. Hakuminya. Akamnyooshea Divina.

"Si baba yangu," alisema. "Sina haki ya kumtupa wala ya kumwokota."

"Usiishike!" mama akalia. "Divina, mimi ndiye mama yako! Mimi ndiye niliyebaki!"

Na hilo lilikuwa kweli, msomaji. Katika yote yaliyosemwa ghorofani siku ile, hilo ndilo lililokuwa kweli kuliko yote. Divina akamwinamia mama yake, akambusu utosini, kwa muda mrefu.

Kisha akaishika redio.

"Msiliachie," alisema. Sauti yake ilitetemeka, akaanza upya. "Msiliachie! Lifungeni kwenye nguzo kwa kamba zote mlizonazo. Hakuna haja ya kusafisha jina. Mimi nalijua. Huyo ni Wenceslao Manalastas. Mimi ni binti yake, na nakuja kumchukua."

Akakiachia kitufe.

Kimya. Redio haikukoroma. Mtu wa darajani hakujibu. Na katika kimya kile ndipo Kapteni Artemio alipofumba macho taratibu, kwa sababu alikumbuka jambo ambalo wengine walikuwa hawajalikumbuka: siku za mafuriko, kila redio ya mtaa huwa kwenye mawimbi hayohayo. Kila mtumbwi. Kila paa. Kanisa lililojaa watu waliokimbia maji, ambako padre huiweka redio mbele ya kipaza sauti ili wote wasikie habari.

Kutoka juu ya bati la nyumba ya jirani, ambako mzee Policarpio alikuwa amekaa chini ya mwavuli na mbwa wake na redio yake, ikaja sauti kubwa yenye mshangao:

"We Divina! Wenceslao gani tena? Mbona mimi nililibeba jeneza lake kwa bega langu hili?"